Fundi suruali wa Mkuyuni: upindo wa inchi nne umenitoa fomu wani mpaka fomu three

Naanza na bei kabisa maana najua ndo mnachotafuta. Kushona suruali moja ya shule elfu 15, kitambaa unakuja nacho mwenyewe, kufumua upindo na kuushusha elfu 2, na ukimpelekea suruali ile ile mara ya tatu anaweza akakufanyia bure ila atakusimanga kwanza. Yupo pembeni ya soko la Mkuyuni hapa Mwanza, ana cherehani moja ya miguu nyeusi imechakaa mpaka maandishi hayasomeki, na redio ambayo siku Simba na Yanga wanacheza usiende kabisa, atakukata kitambaa cha mtu mwingine. Jina kaniambia nisiandike, eti Januari watu wanajaa mpaka anashindwa kunywa chai. Ukifika ulizia tu mzee wa upindo.

Nampa nyota nne na nusu, hiyo nusu niliyomnyima nitaeleza mbele.

Sasa ili muelewe kwa nini nasifia mtu kwa ajili ya upindo wa suruali lazima niwape historia kidogo. Mimi nina mapacha, Kulwa na Doto, kama ilivyo kwetu Wasukuma, Kulwa ndo katangulia, wa kike, Doto kafuata, wa kiume. Mwenye mtoto mmoja wa kiume akichelewa kurefuka anaweza akapitisha mwaka hajagundua, lakini mimi nilikuwa na rula ndani ya nyumba na inakula naye sinia moja.

Mpaka darasa la tano hawakuachana sana, masweta walikuwa wanachanganya. Mwaka 2022 Kulwa akaondoka. Yaani mwaka mmoja kaongeza sentimita 8, mimi nawapima kwenye fremu ya mlango wa jikoni kwa kalamu ya risasi, na Doto yupo pale pale anapanda kinyongenyonge. Januari 2023 Kulwa 151, Doto 140. Januari 2024 Kulwa 156, Doto 144. Mwaka mzima sentimita nne! Majirani hapa Luchelele mnawajua, mmoja akasema Kulwa alimla mwenzie tumboni, mwingine akasema nimpeleke kwa mtaalamu Magu huko, nikawa nacheka usoni ila moyoni nimeungua.

Kilichoniumiza zaidi ni ile siku ya dawa za kichocho shuleni. Sisi tupo ziwani, watoto wanaogelea kila siku, kwa hiyo dawa wanapewa, na kama hamjui zile dawa hawagawi kwa umri, wanagawa kwa urefu. Kuna kijiti kina alama, mtoto anasimama pale, kichwa kikifika kati ya sentimita 138 na 150 anapewa vidonge viwili na nusu, akivuka 150 mpaka 160 anapewa vitatu, akivuka 160 vinne. Kulwa kapewa vitatu. Doto viwili na nusu. Mwalimu kakata kile kidonge mbele ya darasa zima, wenzie wakacheka, katoto kangu kakarudi nyumbani hakali. Zile dawa ni chungu na kubwa kama kitufe cha koti, mtoto yeyote angefurahi kupunguziwa, yeye analia kwa nini hakupewa nusu iliyobaki.

Ndo hapo nikapigwa.

Kuna duka moja katikati ya mji, silitaji, wanauza poda ya kopo ya kurefusha vijana, picha ya mzungu amesimama pembeni ya twiga. Elfu 75 kopo moja la mwezi. Dada wa pale mchangamfu balaa, akampima Doto ukutani, akaandika kwenye kadi, akaniambia miezi mitatu sentimita kumi mama, na acheze basketi, humwoni Hasheem Thabeet? Nikaona ni kweli, Thabeet si mtoto wa Dar tu kama wetu, mpaka mwaka 2009 kachaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, ile ligi ya basketi ya Marekani timu zinapochagua wachezaji wapya, mtu ana futi saba na inchi tatu. Sikujiuliza swali moja dogo tu, basketi ndo ilimrefusha au urefu ndo ulimpeleka kwenye basketi. Nimekuja kulijibu nimeshatoa laki na nusu.

Alafu sikilizeni mchezo wao. Siku ya kwanza tulienda jioni, Doto katoka shule, kabeba begi mchana kutwa. Mwezi ulipoisha wakanipigia simu, mama mlete asubuhi mapema kabla hajachoka. Wakampima, kaongezeka karibu sentimita mbili! Nikanunua kopo la pili nikiwa natabasamu. Nafika nyumbani jioni nikamsimamisha kwenye fremu ya jikoni, alama ile ile ya mwezi uliopita. Nikadhani kalamu yangu mbovu. Kumbe mtu yeyote asubuhi ni mrefu kuliko jioni, zile sahani laini za uti wa mgongo zinabonyea mchana kutwa ukisimama na ukitembea, usiku ukilala zinajaa tena, ni sentimita moja hata zaidi kidogo. Wale wanajua. Kipimo cha kwanza jioni, cha pili asubuhi, na nikikumbuka vizuri siku ya pili hakuvua viatu. Jaribuni wenyewe nyumbani, mpimeni mtoto akiamka na mumpime akienda kulala, ni bure.

Kwenye kopo lenyewe ni maziwa ya unga, sukari, madini na vitamini za kawaida. Doto kapata kitambi.

Baba yao ndo akasema basi, twende hospitali. Hapo pia nilikuwa na uoga wangu, nilidhani watanipa sindano za mamilioni. Daktari wa watoto, kijana mdogo tu, hakushika hata kalamu kwanza, akauliza, baba nani alikuwa wa mwisho kurefuka darasani kwenu? Mume wangu akanyamaza. Alafu akasema mimi, nimeanza kuota ndevu nimemaliza fomu foo, suti ya mahafali ilinivuka mwaka uliofuata. Miaka kumi na sita ya ndoa sijawahi kusikia hiyo habari! Nalia na poda kumbe jibu nimelala nalo kitanda kimoja.

Daktari akatupiga hesabu. Unachukua urefu wa baba, unajumlisha wa mama, kwa mtoto wa kiume unaongeza 13, unagawa kwa mbili. Mume wangu 172, mimi 158, ikaja 171 na nusu, na inaweza kupanda au kushuka sentimita nane hivi kwa hiyo si ahadi, ni eneo tu. Alafu akampima Doto kwa zile shanga, wenye watoto wa kiume mtaziona, ni kama tasbihi ya shanga kumi na mbili toka kadogo ka mililita 1 mpaka kubwa la 25, wanalinganisha na korodani za mtoto. Doto aliona aibu mpaka masikio, nikatolewa nje. Ikionekana imefika shanga ya 4 maana yake balehe imeshaanza hata kama nje hujaona kitu, hana sauti nzito, hana kinyweleo. Doto alikuwa kwenye 4. Kwa hiyo wakati mimi namlilia gari lilikuwa limeshawashwa, bado tu halijaondoka.

Wakampiga na eksirei ya mkono wa kushoto, kiganja na kifundo. Mifupa ya Doto ilikuwa inasoma miaka 11 na nusu wakati yeye ana 13 na miezi. Nikashtuka, daktari akasema mama hiyo ndo habari njema, mifupa michanga ina safari ndefu mbele. Kwenye ncha za mifupa kuna sehemu laini ndo inaongeza urefu, ikishafunga imefunga, hata ukila ng'ombe mzima. Akanionya hapo hapo kuhusu zile dawa za vijana zenye homoni za kiume ndani yake, anasema mtoto anaruka haraka unafurahi, kumbe zinaharakisha kufunga, anaishia mfupi kuliko angeachwa. Nikamshukuru Mungu langu lilikuwa maziwa na sukari tu.

Na ile sentimita nne ya mwaka mzima iliyonitoa roho? Akasema ni kawaida, watoto wengi wa kiume wanapunguza mwendo kidogo kabla ya kuruka, hasa hawa wanaochelewa. Wasichana wanatangulia kama miaka miwili, kilele chao ni kwenye 11 na nusu au 12 hivi, wavulana kwenye 13 na nusu au 14, wengine kama Doto mpaka 15, na wakifika kileleni wanakwenda sentimita 9 au 10 kwa mwaka. Kwa hiyo mapacha wa kike na wa kiume lazima kuna miaka mtamwonea mmoja huruma. Alisema pia kama mvulana amefika 14 hana dalili hata moja, au ameanza kabla ya 9, hapo usikae nyumbani, mpeleke. Na minyoo na kichocho tusidharau, vinakula damu na vinadumaza, ile nusu kidonge ameze tu.

Nilimwonesha daftari langu la vipimo akacheka vizuri, akasema kuna baba mmoja Ufaransa, Montbeillard, alimpima mwanae kila baada ya kama miezi sita toka 1759 mpaka 1777, rafiki yake mwanasayansi Buffon akavichapisha vile vipimo, na mpaka leo madaktari wanaonesha mchoro wake. Nikamwambia daktari, na mimi na fremu yangu ya mlango tutafika.

Sasa turudi Mkuyuni, maana hospitali walinitoa hofu lakini hawakunishonea suruali.

Januari 2024, fomu wani, hela imeisha kwenye poda, nina uwezo wa suruali mbili tu. Fundi wa kwanza niliyeenda alitaka kumkata kwa kipimo cha siku ile ile, upindo wa inchi moja. Dada mmoja kwenye daladala akanielekeza kwa huyu mzee. Nimefika, namwambia nataka suruali mbili za kijivu za kijana huyu, mzee hakuchukua hata futi kamba. Kamwangalia Doto chini.

"Mjukuu wangu unavaa viatu namba ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Mwaka jana Januari?"

Doto kafikiria. "Thelathini na nane."

Mzee kaniangalia mimi. "Mama Kulwa, mguu umeshapiga hodi. Mwenye nyumba yuko nyuma anakuja." (Jina la Mama Kulwa alilisikia Doto ananiita kwa utani, toka siku hiyo ndo langu.) Alafu ndo akachukua futi, akapima, akaandika kwa chaki kwenye kitambaa, akasema naacha inchi nne.

Mimi nikabisha, inchi nne si itakuwa kama kavaa gunia? Akasema ataikunja mara mbili ndani na kuishona kwa mkono, si kwa cherehani, ili kufumua kusiache matundu. Kiunoni nyuma akaacha akiba ya inchi mbili kwenye mshono. Shati akaacha mabegani kidogo tu na chini akalirefusha, akasema shati halina haraka, miguu ndo inatangulia, kiwiliwili kinakuja mwaka wa mbele yake.

Hakusomea hiyo kitu. Nilikuja kumuuliza daktari kwenye kliniki ya pili akasema ni hivyo hivyo, kwanza viganja na nyayo, alafu miguu, alafu mgongo, mabega yanapanuka mwishoni. Mzee yule ameshona sare zaidi ya miaka thelathini, kila Januari anapanga watoto mbele yake, ameyaona tu.

Na kweli bwana. 2024 Doto alianza kwa kujivutavuta, Agosti nikarudi kufumua sentimita tatu, mwisho wa mwaka fremu ya mlango ikasoma 150. Hapo alinichekesha, kaniuliza mama dawa za kichocho zinakuja lini, anataka vitatu vyake. 2025 ndo ikawa vurugu. Ugali anamaliza wa kwake anamaliza wa Kulwa, sato mzima na kichwa, michembe (viazi vitamu vikavu) niliyoficha kwa ajili ya wageni kaifumania, usingizi mpaka jua kali. Sauti inapanda inashuka kama redio ya mzee. Aprili nikafumua, Septemba nikafumua, Desemba fremu inasoma 160. Sentimita 10 ndani ya mwaka! Na mwaka huo huo shati likaanza kuchomoka, sawa sawa na alivyosema.

Kuna kitu kingine cha huyu mzee lazima nikiseme maana hakukitangaza. Katikati ya mwaka jana Doto akaanza kuvaa sweta juani, hataki kulivua, Mwanza hii jua la saa nane! Kifua kilikuwa kimevimba kidogo chini ya chuchu na kinauma akiguswa, aliogopa kuniambia. Tulipoenda kuongeza shati mzee alipompima kifua akaona kijana anarudi nyuma, hakuuliza chochote, akamaliza, alafu akaniambia pembeni nitamwekea mifuko miwili mbele badala ya mmoja, yenye vifuniko. Basi. Shati limekuja, limeficha, sweta likavuliwa. Kliniki wakaniambia karibu nusu ya wavulana wanapitia hiyo kwenye balehe na wengi inaisha yenyewe ndani ya mwaka au miwili, isipokuwa ikikua sana ndo urudi. Sijui fundi gani mwingine mjini angefikiria mifuko.

Haya, nusu nyota. Kwanza muda. Akikwambia Jumamosi usipange safari Jumamosi. Pili, suruali iliyofumuliwa mara tatu inaonesha, kile kitambaa kilichokuwa kimekunjwa ndani bado kijivu cha dukani na juu kimepauka kwa jua na sabuni, kwa hiyo chini ya magoti ya Doto kuna mistari mitatu kama alama za maji kwenye mawe ya ziwani pale. Mzee anapiga pasi ya mkaa na siki kidogo kwenye maji ili mkunjo wa zamani ulale, inasaidia ila haufutiki wote. Kulwa anamwita kakake "suruali ya mipaka". Mwenye haya asilete kwake. Mimi ile mistari naipenda, nikiianika kwenye kamba naona Agosti, Aprili, Septemba. Tatu, mifuko ya pembeni anaikata mifupi, simu inachungulia. Nne, halipwi kwa simu, nendeni na keshi.

Pamoja na hayo hesabu ni hii: suruali mbili elfu 30, vitambaa sijaweka, kufumua mara tatu zote mbili, ya mwisho bure, elfu 8. Kijana kavaa miaka miwili. Lile kopo la elfu 75 halikufika hata kona ya mwezi wa pili.

Wiki iliyopita tumeenda kushona mpya, ya fomu three, maana za zamani sasa zimefika mwisho wa kitambaa. Doto kamsalimia shikamoo babu kwa ile sauti yake mpya, mzee akaruka akidhani mume wangu. Kwenye fremu juzi Doto kampita Kulwa kwa kama unene wa kidole, Kulwa amegoma, anasema kalamu imelala upande. Mzee hajachukua futi, kamwangalia chini kama kawaida.

"Namba?"

"Arobaini na tatu."

"Toka lini?"

"Toka Juni, babu."

Akavuta chaki, akaandika inchi tatu. Nikamwambia mzee andika nne, mwenzio bado ana safari, daktari kasema. Akasema anazo mama Kulwa, ila viatu vimesimama toka Juni, na miguu ikisimama chini, suruali inajua. Inchi tatu zinamtosha mpaka amalize fomu foo. Sijui kwa nini ile ilinikaa kooni kidogo, miaka miwili nimeomba arefuke sasa mtu ananiambia amebakiza inchi tatu.

Nikalipa elfu 30, akasema njooni Jumamosi.

Jumamosi nimeenda. Kitambaa hata hakijakatwa.